Mama Mkwe wa Daktari Doris

…na taa yenyewe wameishusha mpaka imenikaa usoni kama jua la mchana shambani, nikifumba macho naona wekundu, nikifumbua naona barakoa ya daktari na juu yake macho mawili makubwa, macho ya mtu aliyelala akatosheka, si kama mimi ambaye tangu Ijumaa sijui usingizi una ladha gani, gego hili limenipigia ngoma mpaka alfajiri, karafuu nimebandika, maji ya chumvi nimesukutua, mizizi ya yule mganga wa Kilambo nimetafuna hadi ulimi ukachubuka, wapi, shavu likazidi kuvimba nikawa kama mtu aliyeficha embe mdomoni, ndipo Riziki akasema, "Mama, kesho tunakwenda Mtwara, utake usitake," na Riziki akishasema hivyo ujue mzigo umeshafungwa, sasa yuko hapo nje ya mlango kwenye benchi, kakumbatia kikapu changu, namsikia anavyosafisha koo… "Fungua mdomo, mama, fungua zaidi kidogo, hapo hapo," anasema daktari, sauti laini, ya kubembeleza, "utasikia kama mbu anauma," mbu gani huyu, sindano inaingia kwenye fizi inazunguka huko ndani kama inatafuta kitu ilichodondosha, machozi yananitoka yenyewe, si kulia, yanatoka tu na kuingia masikioni, muuguzi ananifuta kwa pamba, Magreth ndivyo daktari anavyomwita, "Pole mama, imeshapita hiyo, sasa tunasubiri ganzi ishike," haya, tusubiri, nimelazwa chali kwenye kiti hiki miguu juu kichwa chini, mtu mzima na heshima zangu nimelazwa kama kuku anayengoja kisu, namtazama daktari anavyogeuka kupanga vyuma vyake kwenye sinia, kumbe ana mimba, tena kubwa, koti jeupe halifungi mbele, akisimama anajishika kiuno, masikini mtoto wa watu, na hali hiyo anashinda wima kung'oa meno ya watu, na amenisalimia shikamoo kabla hata hajalitazama jino, wangapi siku hizi wanaoamkia watu wa kijijini, Mungu angempa Yusufu wangu mke kama huyu ningelala usingizi hata na jino bovu, lakini Yusufu kila nikimuuliza jibu lake ni moja, "Mama, bado natafuta, kazi zimenibana," kazi gani hizo za Mwanza zisizompa mtu nafasi ya kuoa, zisizompa nafasi hata ya kuja kumwona mama yake, simu anapiga sikukuu, Idi njema mama, na kwako mwanangu, huku baridi mama, ziwa limechafuka, haya mwanangu jifunike, basi hapo simu inakatika na mimi nazunguka kijiji kizima, Yusufu amepiga, Yusufu yuko Mwanza, mkubwa wa ofisi, hana nafasi, wanatikisa vichwa, wananionea huruma na mimi najifanya sioni…

"Mdomo umeanza kuwa mzito, mama?" nawaza kidogo, ndiyo, umekuwa mzito, nusu ya ulimi imehama, shavu si langu, naligusa kwa kidole kama naligusa la mwenzangu, "Vizuri, tuipe dakika, unatokea wapi mama, hapa hapa mjini?" nasema Kitaya, inatoka Kichaya, mate yananitiririka, Magreth anayafuta, na daktari anaacha alichokuwa akifanya, koleo liko hewani, "Kitaya? Magreth, umesikia? Mama ametoka Kitaya, kwa mume wangu kabisa!" macho yake yanacheka juu ya barakoa, na mimi moyo wangu ukacheka pia, nikasema ndani kwa ndani, basi huyu ni mkwe wetu, mtoto wa nani huyo aliyepata bahati hii, Kitaya nani nisiyemjua, nimejua mpaka mbuzi wa kila nyumba, nataka kuuliza ukoo, nataka kusema mwanangu, mumeo mtoto wa nani, lakini kioo chake kidogo kimeshaingia mdomoni kinagonga gego, "Unasikia maumivu hapa?" nasikia kugongwa, maumivu hapana, natikisa kichwa, naye anaendelea kumwambia Magreth, si mimi tena, wanaongea juu ya uso wangu kama wanawake wanaochambua mchele juu ya ungo, "Josefu alitoka huko mdogo, hana mtu tena kule, wote wamekwisha," Josefu… Josefu wa Kitaya… Wakristo wetu hawajai kiganja, yuko Gaudensi fundi cherehani, ana watoto wa kiume, lakini hakuna aliyeitwa Josefu, na Gaudensi mwenyewe hajakwisha, asubuhi hii nimempita barazani kwake anashona sare za shule, akaniambia pole na jino shemeji, sasa wote wamekwisha vipi, labda wale waliokuja na misheni wakahama, labda… "Si ndiko mama mkwe wako alikochukuliwa na mamba, daktari?" anauliza Magreth, na daktari anasema, "Ndiko," kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na kaburi.

Mamba. Neno hilo kwangu si la kutajwa hivi hivi, mimi neno hilo nalijua lina harufu gani, linanuka tope na majani yaliyooza na sabuni ya kipande aliyokuwa nayo mdogo wangu Tatu mkononi, kiangazi, mto umeshuka, uzio wa miti tuliojengewa ili tuchote maji salama umeng'olewa na kiboko na wanaume wanasema kesho, wataurudisha kesho, sisi maji tunayataka leo, Tatu akaingia mpaka magotini akasuuza ndoo, anacheka, alikuwa ananisimulia habari ya harusi ya huko ng'ambo ya mto, akasema, "Dada, bibi harusi mwenyewe alikuwa…" hakumaliza, mpaka leo sijui bibi harusi alikuwa nini, maji yalisimama, sina namna nyingine ya kusema, yalisimama kama mtu, nikaukamata mkono wake, mgongoni nimembeba mtoto wake mchanga, Riziki huyu huyu wa kwenye benchi, nikavuta, mimi nimeushika mkono, mwenzangu aliye chini ya maji ameushika mwili wote, Tatu ananitazama, hakupiga kelele, ananitazama tu kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, mkono ulikuwa na povu la sabuni, ukateleza… na Kitaya yetu, siku nilizoishi mimi pale, mamba amechukua mbuzi, amechukua mbwa, amemkata mzee Hashimu mguu, lakini mwanamke aliyechukuliwa moja kwa moja, asirudi hata kipande cha kuzikwa, ni mmoja, na Tatu hakuzaa mtoto wa kiume, Tatu alizaa Riziki peke yake akafa, sasa huyu Josefu mama yake alichukuliwa na mamba gani, wa mto gani… "Josefu alikuwepo," daktari anasema, na huku ananishika taya, anapima, "alikuwa mtoto wa kukaribia kuanza shule, amekaa ukingoni juu ya kanga kavu, anaangalia, kuna mwanamke mwingine, jirani yao, alijaribu kumshika mkono mama, mkono una sabuni, ukateleza, akiisimulia mpaka leo analia, mwanaume mzima," na Magreth anasema, "Jamani!" na mimi ningesema jamani kama ningekuwa na mdomo, maana ukingoni siku ile alikaa mtoto mmoja tu juu ya kanga kavu, kanga yangu, nilimkalisha mwenyewe nikamwambia usisogee, na mtoto huyo anaitwa Yusufu.

Hapana, wewe Mwajuma, ganzi imepanda kichwani, Yusufu yuko Mwanza, Yusufu hajaoa, Yusufu ni Yusufu si Josefu… Josefu, Yusufu, Yusufu, Josefu, hata mtoto wa madrasa angeniambia ni jina moja lililobadilishwa shati… lakini watu husikia habari wakazifanya zao, labda mwanaume fulani wa kijiji kingine amesikia kisa cha Tatu akakitumia kuwapata wanawake, wanaume hawana haya, wanaweza… "Sasa naanza, mama, utasikia nasukuma, utasikia nguvu, maumivu hutasikia," na koleo linaingia, baridi yake naisikia upande ule tu ulio hai, analibana gego, anasukuma chini, anapeleka kushoto, anarudisha kulia, kichwa changu chote kinakwenda naye, na tumbo lake limenigusa begani, gumu, lina joto, na anasema kwa kupumua, "Halafu mama yake ndiye aliyempaka dawa ya majani alipoanguka mkorosho, ana kovu kisogoni kama mwezi mchanga, nikimnyoa naliona, kila nikimnyoa ananisimulia," ndipo nikaacha kubishana. Kovu lile nimelifunga mimi. Alikwenda kuangua mabibo kwenye mkorosho wa watu, alikatazwa, akaanguka kinyumenyume, nikamnyoa kisogo kwa wembe huku analia, nikamtafunia majani nikamtemea, mate yangu yako kwenye kovu hilo, na ilikuwa baada ya Tatu kufa, Tatu alikuwa ameshakufa mwaka mzima, marehemu hakumpaka mtu dawa, mwongo mkubwa wewe, hata hesabu za uwongo wako hazikai sawa, umechukua kifo cha mama yako mdogo ukanivalisha mimi, umechukua mikono yangu ukampa marehemu, na mimi niliyebaki hai pale mtoni, mimi niliyevuta, umenifanya nini… jirani. Jirani yao.

Si mara ya kwanza. Neno hilo nilishalisikia na nikacheka, ndiyo, nilicheka, alipokuwa sekondari nilimfuata shuleni na kapu la ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nimeipika usiku, ya moto bado, nimevaa kanga zangu nzuri, nikasimama chini ya dirisha la darasa nikaita, wenzake wakatoka kabla yake, wakamuuliza, "Nani huyu, Yusufu?" naye akasema, bila hata kumeza mate, "Jirani yetu wa kijijini, kaniletea mzigo," akalipokea kapu kwa mkono mmoja, akasema, "Asante sana, wasalimie nyumbani," wasalimie nyumbani, ananiambia mimi nyumbani, nikarudi nacheka njia nzima, nikamsimulia Riziki kwamba huyu kakayo mtani kweli, na Riziki alikuwa binti mdogo tu lakini hakucheka, akasema, "Mama, amekukana," nikamfokea, nikamwambia mtoto hana adabu, wewe huyajui mambo ya shule, wanamcheka kule akisema nti badala ya mti, wanamwita ntu wa nto, ana aibu zake za ujana, zitakwisha, zimekwisha, ndiyo, ona zilivyokwisha, zimekwisha kwa mimi kuliwa na mamba… "Pole mama, limeng'ang'ania," anasema daktari, "mizizi yake imepinda, meno ya zamani haya yana nguvu, Magreth, sogeza taa," na Magreth anasogeza taa na anauliza kama umbea haujamtosha, "Lakini hata ndugu mmoja hana? Hata shangazi?" na daktari, "Hana mtu, dada yangu, hata harusini upande wake walikuja watu wa ofisini kwake huko bandarini, nilisikia vibaya mno, mtu anafunga ndoa kanisani hana hata mtu mmoja wa kumlilia," bandarini… bandarini hapa… "ndiyo maana nyumba tukapanga Ufukoni, karibu na kazi yake, na mimi niko karibu na hapa, upepo tu ndio mwingi, bahari ikichafuka usiku hatulali," ikichafuka, basi ndilo hilo ziwa, hilo ndilo ziwa la Mwanza lililochafuka, huku baridi mama, na mimi nikisema jifunike, alikuwa hapa, sisi tumetoka Kitaya asubuhi na jua halijakaza tumeshafika, hapa, amekaa hapa miaka yote hii nami namwombea safari njema za Mwanza, nimepita Ufukoni mimi, mwaka jana nilikuja msiba kwa Zainabu, nilipita barabara ile ile na ndoo ya mchele kichwani, labda alikuwa dirishani, labda aliniona, akavuta pazia, akamwambia mkewe hakuna kitu, ni mama mmoja tu anapita.

Vuta, daktari, vuta mwanangu, usinionee huruma, ningependa sasa ganzi iishe nisikie kitu kimoja chenye jina… kubadili dini kungekuwa nini, nani alimwambia ningemfukuza, Kitaya wangapi wamebadili na bado wanakula sahani moja na ndugu zao, Gaudensi huyo huyo mama yake mzazi alikuwa anafunga Ramadhani mpaka anakufa, na siku ya kumzika Gaudensi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, ningelia kidogo, ndiyo, ningelia wiki moja, kisha ningeuliza harusi lini na ningekuja na kapu la ming'oko, lakini si dini, nisijidanganye tena, dini haikumfanya anikane chini ya dirisha la shule, alikuwa Mwislamu siku ile, alikuwa na kofia yake ya msikitini mfukoni, ni mimi, ni mdomo wangu huu unaosema ntoto na nti, ni miguu hii iliyopasuka visigino, yeye alitaka mama wa kusimuliwa, mama mzuri aliyekufa kijana na kanga nyekundu mtoni, asiyezeeka, asiyevimba shavu, asiyekuja mjini na harufu ya moshi, mamba wake alimfaa, alimtengenezea mama msafi… "Na kila Novemba tunamwombea misa," anasema daktari, anahema, ametoa koleo amechukua jingine, "Padri anataja jina lake kabisa, Tatu, nalipenda jina lile, fupi, limetulia," misa, mimi Mwajuma binti Mohamedi, ninayeswali tano zangu, nasomewa misa kwa jina la mdogo wangu, na mdogo wangu niliyemsomea hitima bila maiti, bila sanda, tukizika hewa, naye anatajwa kanisani kwa mtoto asiyekuwa wake, huku mwanawe wa kweli amekaa hapo nje na kikapu, hajui, hajawahi kukitazama hata kivuli cha mama yake, picha hatukuwa nayo, kila siku ananiomba nimwambie mama alikuwaje, alikuwa anacheka vipi, na mimi nina machache namgawia kidogo kidogo yasiishe, leo kicheko, mwakani sabuni, kumbe kuna mtu Ufukoni ameyachota yote kwa mara moja, anayalia kwenye kitanda cha mkewe… "Tena mtoto akiwa wa kike," anasema, "na wameniambia ni wa kike, nitamwita Tatu, Josefu hataki, anasema jina la msiba, lakini nimemwambia nitamwita, marehemu aone hakusahaulika," na hapo akasukuma kwa nguvu zote, tumbo likanikandamiza bega, nikasikia mtoto amegeuka mle ndani, kweli nimemsikia, kisigino au kiwiko, kikapita begani kwangu, na saa ile ile ndani ya kichwa changu kikalia kitu, kraa, kama tawi kavu la mkorosho linalokanyagwa, "Hilo! Limetoka mama, limetoka lote na mizizi yake," ananionyesha, sitaki kuona, liweke huko, mdomo umejaa chumvi na chuma, Magreth ananishika kichwa, "Tema mama, tema humu," natema, nyuzi za damu zinaning'inia kwenye kidevu kilichokufa ganzi, sizisikii, wananifuta kama mtoto.

Nitasema. Nikishamaliza kutema nitasema, nitamshika koti nitamwambia nitazame, binti, nitazame vizuri pua hii na masikio haya, huoni, huyu unayemsomea misa umemng'oa jino, nitasema hata kwa mdomo huu uliopinda… lakini anabandika furushi la pamba pale lilipokuwa gego, "Ng'ata mama, ng'ata sana, usiseme neno mpaka damu ikate, ukiongea itaanza upya," amevua barakoa sasa, ndiyo nauona uso, ana mwanya, ana vishimo mashavuni, uso wa mtoto aliyelelewa na watu, naye anajifuta jasho kwa kiwiko na kuvuta kigoda anakaa karibu yangu kana kwamba mimi ndiye mgeni wake wa leo, ananishika mkono, "Mama, nikuombe kitu kwa kuwa unatoka kule kule, nataka kabla sijajifungua niende nikauone huo mto, nitupe hata ua, Josefu hataki kunipeleka, kila nikisema anapata kazi, anasafiri, nimefikiri niende mwenyewe na Magreth, ungenionyesha mahali? Wewe ulimfahamu Tatu?" na mimi nimeng'ata pamba, damu ya joto inateremka kooni namezea, ningefanyaje, natikisa kichwa ndiyo, nilimfahamu, nilimfahamu tangu amezaliwa, nilimbeba, nilimfundisha kusonga ugali, nilimshika mkono, "Kweli?" macho yake yanajaa, "Jamani Magreth, alimfahamu! Alikuwaje? Oh, samahani, usiseme, usiseme," anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, anacheka huku analia, na huyu nitamwambiaje, huyu hajanikosea kitu, huyu ndiye peke yake katika nyumba ile aliyetaka kuja kwangu, nikimwambia sasa mumeo mwongo, aliyekulaza, aliyekupa mimba, anamlilia mama aliye hai, na yeye yuko hivi, miguu imevimba, mimba imeshuka, si atadondoka hapa hapa kwenye damu yangu… na nisiposema basi mimi ndiye nitakayempeleka mtoni kwa mkono wangu nikamwonyeshe nilipofia, nitasimama pale mimi jirani, nitasema hapa ndipo, naye atatupa ua, atarudi Ufukoni amwambie mumewe kuna mama mmoja mwema kanionyesha, na mumewe atajua, mwakani Idi atanipigia kutoka Mwanza…

"Nijibu kwa kichwa tu, mama," ananiambia, ameinama karibu, "alikuwa na mtoto mwingine? Maana Josefu anasema mama alimzaa yeye peke yake," na swali hilo nikalisikia kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya kelele, kila kitu kikatulia, hasira ikabaki lakini ikatulia, maana hapa ndipo mahali pa kweli, hapa siombi kutambuliwa, sibembelezi, sisemi mimi ndiye, mimi nani, huyo mwanaume wa bandarini asiponitaka asinitake, nimechoka kumtafutia sababu, nimemtafutia tangu chini ya dirisha la shule, nimezitafuta mpaka zimekwisha, simu yake ya Idi ikilia italia, kuna kuku wa kulisha na mchele wa kupeta, atakayeipokea ataipokea, na kijijini wakiniuliza Yusufu hajambo nitawaambia sijui, neno fupi tu, sijui, sijawahi kulisema na sasa nalitamani kama maji… lakini Tatu si wake, Tatu ana mwenyewe, mwenyewe aliyekaa siku ile mgongoni kwangu amelala usingizi huku mama yake anakwenda, niliyemnywesha uji kwa kijiko, aliyenilaza mimi juzi na jino hili akanikanda shavu kwa kitambaa cha moto mpaka akasinzia yeye amekaa, na hakuna atakayekwenda mtoni kutupa ua kabla yake, hakuna atakayelichukua jina hilo akampa mtoto bila kumwomba yeye, basi nikautoa mkono wangu kwenye mikono ya daktari, nikaunyoosha, nikaonyesha mlango… "Anataka kutoka," anasema Magreth, "hapana mama, bado kidogo, damu ikate," natikisa kichwa, si kutoka, naonyesha tena, kule, kwenye benchi, umeniuliza kama Tatu alikuwa na mtoto nami nakujibu, "Tulia mama, utakwenda nyumbani sasa hivi, aliyekusindikiza yupo hapo nje, hajaondoka," ndiyo, ndiye huyo, umemtaja mwenyewe na hujui, haidhuru, damu itakata, nitateremka kwenye kiti hiki nitamfuata kule nimwambie yeye kwanza, yeye ndiye mfiwa, atanuna, namjua, kisha atafunga kanga kiunoni ataufungua mlango huu bila kubisha hodi, na maneno atayachagua mwenyewe, mimi nitakuwa nyuma yake tu, mdomo wazi, mdomo umefungwa, vyovyote… daktari ameushika mkono wangu kwa upole anataka kuulaza kifuani, "Pumzika, mama," anasema, nami nimeng'ata pamba, namtazama machoni, na mkono siushushi.